Mji Mweupe na Mikono Iliyoujenga

Tarehe 1 Mei mwaka 1893, Rais Grover Cleveland wa Marekani alisimama mbele ya umati mkubwa mjini Chicago, akabonyeza kitufe kimoja, na mara mitambo ikanguruma, maji ya chemchemi yakaruka juu na bendera zikakunjuliwa. Ndivyo yalivyofunguliwa Maonyesho ya Dunia yaliyokusudiwa kuadhimisha miaka 400 tangu Columbus afike Amerika. Maadhimisho yenyewe yalistahili kufanyika mwaka 1892, lakini kazi ilichelewa. Kwa miezi sita watu waliingia na kutoka katika malango yake, na hesabu ya walioingia ilipofungwa ilikuwa kiasi cha milioni 27. Wale wasioweza kufika waliletewa picha.

Picha hizo ndizo tunazotaka kuzizungumza leo. Zipo nyingi mno, zimetunzwa vizuri katika maktaba na makumbusho za Marekani, na siku hizi mtu yeyote mwenye nafasi aweza kuzitazama. Wanaozitazama husifu, na kweli zastahili sifa. Lakini sisi tuliozoea kuuliza kila kitu kimetoka katika jasho la nani, hatuwezi kuzitazama na kunyamaza.

Aliyezipiga zile zilizo maarufu zaidi ni Charles Dudley Arnold, mpiga picha rasmi wa Maonyesho. Tangu mwaka 1891 alikuwa akiifuata kazi ya ujenzi hatua kwa hatua, kwa amri ya Daniel Burnham, msanifu mkuu aliyeusimamia ujenzi wote. Alitumia kamera kubwa na vioo vikubwa, na picha zake ni safi ajabu: ziwa lililotulia, madaraja, nguzo ndefu, sanamu, na majumba meupe yaliyopangwa kandokando ya maji hata watu wakayaita Mji Mweupe. Jumba moja tu, lile la viwanda na sanaa, lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 500, na wakati ule halikuwapo jengo kubwa kuliko hilo duniani. Mwenye kutazama hujiona yumo ndani ya ndoto.

Sasa tazama tena. Watu wako wapi? Katika picha nyingi hawamo kabisa, na katika nyingine ni wadogo mfano wa siafu, wamewekwa pale ili jumba lionekane kubwa. Mahali walipopita watu milioni 27 pameonyeshwa kama makaburi ya wafalme.

Wataalamu watatuambia kwamba hiyo ni kawaida ya kamera za zamani, kwamba mtu akitembea huonekana kama moshi. Twajua. Lakini kufikia mwaka 1893 vioo vya kupigia picha vilikuwa vimekwisha kuwa vyepesi kushika mwanga, na kamera ndogo za Kodak zilikuwa zikiuzwa tangu mwaka 1888. Zaidi ya hayo, mwaka 1890 Jacob Riis alikwisha kutoa kitabu chake juu ya maskini wa New York, naye alikuwa akiingia usiku katika vyumba vya giza walimolala watu kumi kumi, akawasha unga wa kutoa mwanga, akawapiga picha. Basi chombo kilikuwapo. Kilichokosekana ni nia.

Na nia hiyo ililindwa kwa sheria. Wenye Maonyesho walimpa Arnold haki ya pekee ya kupiga picha na kuziuza, naye aliishika pamoja na mwenzake mmoja. Kamera za kusimamishwa juu ya miguu mitatu zilipigwa marufuku kwa watu wengine wote. Mgeni aliyetaka kuingia na kamera ndogo ya mkononi alitozwa dola 2 kwa siku, ilhali kiingilio cha mtu mzima kilikuwa senti 50. Maana yake ni kwamba jicho la kamera lililipiwa mara nne ya mwili mzima wa mwanadamu! Kibarua wa Chicago hakupata dola 2 kwa kazi ya kutwa nzima. Tusishangae basi kwamba hatuna picha za Mji Mweupe zilizopigwa na mikono iliyoujenga.

Tuseme neno juu ya mikono hiyo. Uwanja wa Maonyesho ulikuwa na eka zaidi ya 600 kando ya Ziwa Michigan, nchi ya mchanga na matope, na juu yake yalisimamishwa majumba karibu 200 kwa muda wa miaka isiyozidi mitatu. Maelfu ya maseremala, wahunzi, wapiga plasta, wapaka rangi na vibarua walifanya kazi pale wakati wa jua na wakati wa theluji. Walidai kazi ya saa nane kwa siku na kima cha chini cha mshahara. La saa nane walikubaliwa. La mshahara walikataliwa. Na yale majumba tunayoyaona katika picha, yaliyong'aa kama marumaru, hayakuwa marumaru hata kidogo. Yalikuwa mifupa ya mbao na chuma iliyofunikwa plasta iliyochanganywa na nyuzi, kisha ikapakwa chokaa na rangi nyeupe kwa mpira wa kurushia, ili kazi iishe upesi. Kamera haikudanganya kuhusu umbo. Ilidanganya kuhusu kitu chenyewe.

Katika picha za Arnold za wakati wa ujenzi wafanyakazi wamo. Wameonekana juu ya matao ya chuma ya jumba la viwanda, mbali sana na ardhi, bila kamba wala wavu. Tunakiri kwamba hizo ndizo picha tunazozipenda kuliko zote alizopiga. Lakini zilipigwa kwa ajili ya mafaili ya wasanifu, ili wajue kazi imefika wapi. Vitabu vya ukumbusho vilivyouzwa kwa umma, sehemu kwa sehemu, kwa bei ndogo iliyoweza kumfikia hata mtu wa kijijini, vilijaa majumba yaliyokwisha. Fundi aliondolewa pamoja na jukwaa lake la mbao.

Kuna picha nyingine ambazo hakuna aliyezipanga. Tarehe 10 Julai 1893 jumba la barafu na vyakula vya baridi lilishika moto mbele ya maelfu ya wageni. Wazima moto walipanda juu ya mnara kuufuata moshi, wasijue kwamba moto umekwisha kushuka chini yao ndani ya kuta. Walikufa wazima moto 12, pamoja na wafanyakazi wengine kadhaa. Picha za mnara ule ukifuka zipo. Hapo watu wanaonekana, wamejaa tele, migongo yao kwetu, wanatazama wenzao wakiangamia.

Tuache kidogo uwanja wa Maonyesho twende mjini, kwa maana picha za siku zile zilionyesha pia mji wenyeji. Chicago iliteketea mwaka 1871, na miaka 20 baadaye ilikuwa na wakazi zaidi ya milioni moja. Vitabu vya picha vilijivunia barabara pana na majumba marefu, kama lile la Masonic Temple lililokamilika mwaka 1892. Ni haki yao. Lakini Chicago ulikuwa pia mji wa machinjio, wa reli, wa viwanda vya zana za kilimo, na wa wahamiaji kutoka Ujerumani, Ireland, Poland na Bohemia waliokaa katika nyumba za mbao zilizosongamana. Mwaka uleule wa 1893 jimbo la Illinois lilitunga sheria ya kukataza watoto wasiotimiza miaka 14 kufanya kazi viwandani na kuwawekea wanawake saa nane, na Florence Kelley akateuliwa kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda. Miaka miwili baadaye mahakama kuu ya jimbo iliifuta ile sehemu ya saa nane. Sheria haitungwi kukataza jambo lisilokuwapo. Watoto wale walikuwapo. Mtazamaji asiwatafute katika vitabu vya ukumbusho.

Na hapa ndipo penye jambo linalotugusa sisi wenyewe. Kila mwaka ifikapo tarehe 1 Mei wafanyakazi wetu huandamana, na twaiita siku hiyo Mei Mosi. Siku hiyo ilitoka wapi? Ilitoka katika mji huu huu wa Chicago. Tarehe 1 Mei 1886 maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi wa Marekani waligoma wakidai saa nane, na Chicago ndiyo iliyokuwa kitovu. Tarehe 3 Mei polisi waliwapiga risasi wagomaji nje ya kiwanda cha McCormick. Tarehe 4, katika mkutano wa Haymarket, mtu asiyejulikana hata leo alitupa bomu, polisi wakafa, na wao wakafyatua risasi katika umati. Viongozi wanane wa wafanyakazi walihukumiwa pasipo kuthibitishwa kwamba yeyote kati yao alilitupa bomu lile. Wanne walinyongwa tarehe 11 Novemba 1887, na mmoja alikufa gerezani siku moja kabla. Mwaka 1889 vyama vya kisoshalisti vilikutana Paris, wakati Maonyesho ya Dunia ya huko yakiendelea na mnara wa Eiffel ukiwa mpya, vikaamua kwamba tarehe 1 Mei ya mwaka uliofuata iwe siku ya wafanyakazi wa nchi zote kudai saa nane.

Basi Rais Cleveland alipobonyeza kitufe chake, ilikuwa Mei Mosi, katika mji wa Mei Mosi, miaka saba kamili tangu mgomo ule. Hatudai kwamba tarehe ilichaguliwa kwa kejeli. Twasema tu kwamba katika picha za siku ile hakuna lolote la kumkumbusha mtazamaji. Mwezi uliofuata, tarehe 25 Juni 1893, sanamu ya ukumbusho wa walionyongwa ilizinduliwa katika makaburi ya Waldheim nje ya mji, na kesho yake Gavana John Peter Altgeld akawasamehe watatu waliobaki gerezani, akieleza kwa maandishi kwamba hukumu haikuwa ya haki. Magazeti ya matajiri yalimtukana. Aliyaandika alijua yatamgharimu, na yalimgharimu.

Tumesema watu hawamo katika picha za Mji Mweupe. Kulikuwa na watu waliopigwa picha kwa wingi, wa karibu, uso kwa uso. Hao walikuwa katika Midway, ile njia ndefu ya burudani iliyotoka ubavuni mwa uwanja, penye lile gurudumu kubwa la Ferris. Huko waliwekwa wanadamu wa mataifa mengine katika vijiji vya kuonyeshwa, wakiwamo zaidi ya 60 walioletwa na mfanyabiashara Mfaransa kama watu wa Dahomey, nchi iitwayo leo Benin. Wakati Wadahomey wakitazamwa kwa kiingilio, nchi yao ilikuwa vitani ikitekwa na Ufaransa. Mji wao mkuu wa Abomey ulikuwa umeanguka Novemba 1892, na Mfalme Behanzin alijisalimisha Januari 1894, akapelekwa uhamishoni Martinique. Vitabu vya picha havikusema neno juu ya vita hivyo. Viliandika chini ya nyuso zao maneno ya dhihaka, kwamba hao ni wakali, hao ni wachafu. Majina hawakuandikiwa.

Wamarekani weusi nao walifungiwa mlango. Hawakupewa nafasi katika uongozi wa Maonyesho, na kazi walizopata zilikuwa hasa za kufagia na kubeba. Jamhuri ya Haiti, iliyojikomboa utumwani mwaka 1804, ilikuwa na jumba lake, na ikamweka Frederick Douglass, mzee aliyezaliwa mtumwa, kuwa mwakilishi wake. Kutoka katika jumba hilo Ida B. Wells na wenzake waligawa kijitabu cha kueleza kwa nini mtu mweusi wa Marekani hayumo katika Maonyesho. Ndani yake walichapa picha ya mtu mweusi aliyenyongwa na kundi la wazungu huko Clanton, Alabama, mwaka 1891. Wauaji walikuwa wameifanya picha ile kadi ya kujivunia. Wells aliichukua akaigeuza kuwa shahidi dhidi yao. Kwa maoni yetu hakuna picha iliyosema kweli zaidi katika uwanja ule wote, na haikupigwa na mpiga picha rasmi.

Katika kijitabu hicho Douglass aliandika kwa uchungu kwamba Wadahomey wameletwa ili mtu mweusi aonekane mshenzi. Tunauelewa uchungu huo, lakini kwa heshima zote twatofautiana naye kidogo. Aibu haikuwa ya Wadahomey. Walifanya kazi ngumu ya kucheza ngoma kila siku katika nchi ya baridi, mbali na nyumbani kulikokuwa kunaungua, na kama yuko aliyestahili kuona haya ni mwenye kukata tiketi.

Wala sisi wa pwani hii tusidhani hayo ni mambo ya watu wengine. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1896, Wajerumani walifanya maonyesho yao Berlin, katika bustani ya Treptow, wakaleta zaidi ya watu 100 kutoka makoloni yao, wakiwamo Waswahili na Wamasai kutoka nchi hii. Mtaalamu Felix von Luschan aliwapima na kuwapiga picha, uso na ubavu, kama wapigwavyo wafungwa. Yasimuliwa kwamba kijana mmoja wa Kameruni, Kwelle Ndumbe, alijinunulia darubini ya kutazamia michezo ya kuigiza, akawa anawatazama Wajerumani waliokuja kumtazama.

Turudi Chicago tumalize habari ya Mji Mweupe. Mwezi uleule wa Mei 1893 fedha za Marekani zilitikisika, mabenki yakafunga milango, viwanda vikapunguza watu. Maonyesho yalifungwa mwishoni mwa Oktoba, na sherehe ya kufunga haikufanyika kwa sababu siku mbili kabla meya wa mji, Carter Harrison, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake. Majira ya baridi yakaja. Watu wasio na kazi walilala katika vijia vya jumba la halmashauri ya mji na katika vituo vya polisi, na wengine wakaingia kujihifadhi katika majumba matupu ya Maonyesho, yale yale waliyokatazwa kuingia bila senti 50.

Kusini mwa mji George Pullman, mtengenezaji wa mabehewa ya kulala, alikuwa na mji wake binafsi, ambao wageni wa Maonyesho walipelekwa kuutazama kama mfano wa wema wa mwajiri. Majira yale ya baridi alipunguza mishahara kwa kiasi cha robo, lakini kodi za nyumba hakupunguza, na mwenye nyumba ni yeye. Tarehe 11 Mei 1894 wafanyakazi waligoma. Chama cha Reli cha Marekani, kilichoundwa Chicago Juni 1893 chini ya Eugene Debs, kiliwaunga mkono kwa kukataa kuyagusa mabehewa ya Pullman, na reli za nchi zikasimama. Tuseme pia lililo baya: chama hicho, kwa kura chache, kilikuwa kimekataa kuwapokea wafanyakazi weusi. Kiliingia vitani kikiwa kimejikata mkono mmoja.

Mapema Julai Rais Cleveland, bwana yule wa kitufe, alipeleka askari wa serikali Chicago ingawa Gavana Altgeld alipinga. Tarehe 5 Julai 1894, mji ukiwa katika ghasia, moto uliwaka katika uwanja wa Maonyesho, na kwa muda wa saa chache majumba makubwa yaliyozunguka bwawa la Arnold yakawa majivu. Mbao na plasta hazikuchelewa. Lililobaki ni jumba la sanaa, ambalo baadaye lilijengwa upya kwa mawe na leo ni makumbusho ya sayansi. Ipo picha ya siku zile za mgomo iliyopigwa Pullman: askari wamepanga mstari mbele ya jengo, na ng'ambo ya pili wamesimama watu wa kawaida, kofia vichwani, wakiwaangalia. Hapo hatimaye kamera iliwakuta wafanyakazi wa Chicago mchana, wakiwa wengi, wakiwa wamesimama wima.

Sasa tujisute wenyewe, maana sisi wa magazeti hatumo nje ya lawama hii. Mgeni rasmi akikata utepe wa daraja, picha yake tutaichapa na jina lake na cheo chake. Mafundi walio nyuma yake tutawaandika "baadhi ya wafanyakazi". Kuna picha ngapi katika makabati ya ofisi, matawi ya vyama na nyumba za watu, za bandari, za reli, za mashamba ya mkonge, ambazo nyuso zake zinajulikana leo na wazee wawili watatu tu? Wazee hao wakiondoka, watu wale watakuwa kama wale wa juu ya matao ya chuma: tutawaona, hatutawajua.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa matawi ya wafanyakazi wasingoje maktaba wala serikali. Wachukue picha hizo, wakae na wazee, waulize: huyu nani, alikuwa akifanya kazi gani, mwaka gani, mahali gani? Kisha waandike nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi laini, wala si kwa wino, kwa kuwa wino hupenya karatasi ukaharibu uso wa upande wa pili. Waanze na mtu aliye mwisho wa mstari, yule aliyekatwa nusu na ukingo.